Eda Isiyo na Hesabu: Miaka Yangu Novi Sad

Tarehe 26 Machi 2025 tulikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Nilifuturu jikoni kwa mwenye nyumba wangu, bibi mmoja mzee wa Novi Sad, kaskazini mwa Serbia, kwa tende, mkate na supu ya maharagwe. Supu alipika yeye. Mwaka ule Kwaresima ya Waorthodoksi ilikutana na Ramadhani yetu, basi yeye hali nyama, mayai wala maziwa, nami sili mchana kutwa, na sufuria moja ikatutosha sote. Saa moja na nusu usiku akafungua taarifa ya habari kama ada yake. Nilikuwa nasikiliza nusu nusu mpaka likatajwa jina la nchi yangu. Kenya imeitambua Kosovo, jimbo lililojitangazia uhuru kutoka Serbia mwaka 2008, kuwa dola huru. Rais Ruto ametia saini.

Bibi akapunguza sauti. Hakunigeukia. Akasema, "Mwanangu, sisi tuliwakosea nini?"

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale. Hakuna aliyeniuliza lolote kabla ya saini ile. Lakini ndani ya jiko lile Kenya nzima ilikuwa mimi. Nikamjibu kwamba sijui. Akanikatia kipande kingine cha mkate, tukanyamaza wote wawili mpaka ukafika utabiri wa hali ya hewa. Ramani yao huonyesha Belgrade, Novi Sad, Niš, na Priština pia, mji mkuu wa Kosovo, kana kwamba mvua ya Priština bado ni yao. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumwona bibi akizima televisheni kabla haijatajwa.

Nilifika Serbia vuli ya 2021 kwa udhamini wa serikali yao, ule wanaowapa wanafunzi wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Urafiki huo ni wa zamani. Mkutano wa kwanza wa wakuu wa nchi hizo ulifanyika Belgrade mwaka 1961, na Tito mwenyewe, rais wa Yugoslavia, nchi ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, alizuru Afrika Mashariki mwaka 1970, akapita Dar es Salaam na Nairobi. Bibi alikumbuka picha za safari ile. Nilichukua muda kuelewa kwamba ukarimu ule una hesabu yake. Mwaka 2015 Kosovo iliomba kuingia UNESCO ikakosa kura tatu tu, na kura za kuizuia zilitafutwa miongoni mwa nchi kama yetu. Sisemi hivi kwa kukosa shukrani. Nimesoma kwa fedha ya watu wale, na nimekula mkate wao. Ila ndiyo sababu swali la bibi lilinichoma: alidhani tulikuwa tumekwisha kuelewana.

Siku ya kwanza nilipohamia kwake aliniambia nimwite baba. Kwa Kiserbia baba ni bibi. Nilimweleza kwamba kwetu baba ni mzee wa kiume, akasema basi ni vizuri, kwa kuwa mumewe amekufa na nyumba ile haina mwingine. Yeye aliniita *sine*, mwanangu. Baadaye tukaanza kuokota maneno. Waturuki waliitawala Serbia karne nyingi, wakaacha maneno waliyokuwa wameyapata kwa Waarabu, yale yale yaliyoletwa kwetu na majahazi. Sanduku kwao ni *sanduk*. Duka ni *dućan*. Saa ni *sat*. Jioni moja nikamuuliza maana ya *inat*, neno nililolisikia kila pahali. Akanieleza: ni kufanya jambo kwa sababu umekatazwa, hata kama utaumia mwenyewe. Nikamwambia na sisi tunayo, twasema kufanya inadi. Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaacha kucheka, akanihadithia madaraja.

Mabomu ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, yalianza tarehe 24 Machi 1999 kwa sababu ya vita vya Kosovo, yakaendelea siku 78. Novi Sad ina mto Danube, na madaraja yake matatu yaliangushwa yote mwezi wa Aprili. La kwanza lilikwenda tarehe mosi. La pili, linaloitwa Daraja la Uhuru, lilikwenda tarehe 3. La tatu lilipigwa mara kadhaa, likazama mwisho wa mwezi. Kabla hayajaanguka, watu walikuwa wakisimama juu yake usiku wamejibandika kifuani karatasi zenye alama ya shabaha. Bibi alisimama pia, yeye na mwalimu mwenzake. "Ile ndiyo *inat*," akasema. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Mji huu ulikuwa umeupigia kura upinzani. Tangu 1996 manispaa ilikuwa yao. Mimi nilimchukia Milošević, rais wetu, kabla Wamarekani hawajamchukia. Kisha nikapigwa bomu kwa ajili yake."

Katika darasa la siasa tulisoma sana juu ya dola na mipaka yake, na mengi niliyasahau baada ya mtihani. Nilichokishika ni bibi huyu. Alizaliwa 1947, akaishi katika nyumba moja tangu alipoolewa, na nchi imebadilika juu ya kichwa chake. Ilikuwa Jamhuri ya Watu ya Yugoslavia, ikawa ya Kisoshalisti mwaka 1963. Mwaka 1992 ikabaki Yugoslavia ya jamhuri mbili, Serbia na Montenegro. Mwaka 2003 hata jina la Yugoslavia likafutwa. Mwezi wa Mei 2006 Montenegro wakapiga kura ya kuondoka, asilimia 55.5 wakasema ndiyo, na Serbia ikajikuta peke yake bila ya kuomba. Ndani ya kabati lake, chini ya vitambaa vya meza, mna noti ya dinari bilioni 500 ya mwaka 1993. Aliniambia mshahara uliingia asubuhi, na ukichelewa hadi jioni hauna kitu. Mwanawe wa pekee aliondoka mwaka ule ule akaenda Kanada. Jeshi lilikuwa limeshabisha hodi mara mbili kumtafuta.

Mlango wa pili aliishi mzee ambaye hakuondoka. Alichukuliwa na jeshi mwaka 1991, Yugoslavia ilipokuwa ikivunjika, kama wanaume wengi wa Novi Sad, akapelekwa Vukovar, ng'ambo ya Danube, mji wa Kroatia uliopigwa mizinga karibu miezi mitatu. Ulipoanguka mwezi wa Novemba, watu zaidi ya 200 walitolewa hospitalini wakauawa katika shamba la Ovčara. Sijui mzee yule aliona nini au alifanya nini. Miaka mitatu tuliyopishana ngazini aliniamkia kwa jina na kunibebea mizigo. Mara moja tu, bibi alipolitaja neno Vukovar akiwa mezani kwetu, aliinuka akaaga, na kikombe chake cha kahawa kikabaki kimejaa.

Nilitoka nyumbani nikiamini kwamba utaifa ni kelele za viwanjani. Kelele zipo, nimezisikia kwenye mpira. Lakini niliona zaidi ukimya wa aina hii, na juu ya ukimya huo watu wengine hupanga maneno yao.

Kwenye kuta za Novi Sad, kama kuta zote za Serbia, imeandikwa *Kosovo je Srbija*, Kosovo ni Serbia. Mwenzangu kutoka Ghana aliona ni uchafu wa ukuta. Mimi nilisimama. Mwaka 2012, nikiwa shule, kuta za Likoni na Kisauni ziliandikwa "Pwani si Kenya". Babu yangu alikufa akiwa bado ana kinyongo cha 1963, pale ukanda wa Mwambao, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa mkataba na bendera yake nyekundu ikipepea Fort Jesus, ulipoingizwa Kenya. Akisema, "Sisi tulitiwa saini, hatukuulizwa." Sitaki kulinganisha mambo haya kupita kiasi, maana Kosovo kulimwagika damu ya maelfu. Nataka kusema tu kwamba mkono ulioandika ukutani niliutambua. Ni mkono wa mtu anayeona ramani imechorwa yeye akiwa nje ya chumba.

Ila bibi alikuwa na jambo lingine chini ya ramani. Mama yake amezikwa Peć, mji ambao Waalbania, walio wengi wa wakazi wake, huuita Peja. Baada ya vita kwisha Juni 1999 na jeshi la Serbia kuondoka, Waserbia na wasio Waalbania wapatao 200,000 walitoka Kosovo kwa hofu ya kisasi, na ndugu zake wote walikuwamo. Alirudi mara moja tu, kwa basi la watu waliokwenda kuzuru makaburi, wakisindikizwa na polisi. Mawe mengi yamevunjwa, nyasi zafika kiunoni. Waliambiwa wapande basi kabla hajalipata kaburi. Mwezi wa Desemba, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yake, hupika ngano na sukari na njugu kuwakumbuka maiti wake, na wageni huja bila kualikwa kama maulidini kwetu. Kila mwaka kijiko cha kwanza alikuwa akikisemea jina la mamake, huku akitazama dirisha la kusini.

Kwetu msiba una siku zake. Siku ya tatu husomwa hitima, watu hutawanyika. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, akaoga akatoka, na hakuna anayethubutu kumwambia arudi ndani. Nilichokiona Serbia ni watu waliowekwa eda isiyo na hesabu. Katiba ya 2006 inasema Kosovo ni sehemu isiyotengeka ya nchi, na rais huapa kuilinda. Waapao hivyo ndio waendao Brussels kusaini. Ivica Dačić alikuwa msemaji wa chama cha Milošević miaka ya tisini, na mwaka 2013 akiwa waziri mkuu ndiye aliyetia saini makubaliano na Priština. Aleksandar Vučić, rais wa sasa, alikuwa waziri wa habari wakati mabomu yanaanguka. Wakiwa nje huzungumza habari ya mikopo, barabara na Umoja wa Ulaya, na wakirudi nyumbani huwaambia akina bibi kwamba wasikubali kamwe. Mwenye msiba asiyeruhusiwa kumaliza msiba wake ni rahisi kumtawala. Hilo limenikasirisha miaka minne na lingali linanikasirisha, kwa kuwa ninamjua mtu aliyefanyiwa.

Nisimtetee kupita haki yake, hata hivyo. Mwezi wa Mei 2024 Umoja wa Mataifa ulipiga kura juu ya azimio lililoletwa na Ujerumani na Rwanda, la kuifanya tarehe 11 Julai kuwa siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari ya Srebrenica, mji wa Bosnia. Lilipita kwa kura 84, zikapinga 19, wasioelemea upande 68. Rais wao alikaa ukumbini New York amejifunika bendera mabegani. Huku nyumbani wiki nzima ilikuwa ni sentensi moja: sisi si taifa la mauaji ya kimbari. Azimio halikulitaja taifa lolote kuwa na hatia. Julai 1995 jeshi la Waserbia wa Bosnia liliwaua wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 8,000, na mahakama za kimataifa zimekwisha kutoa hukumu. Nilimuuliza bibi. Mimi Mwislamu, ninayekula mezani kwake, nilihisi nina haki ya kuuliza. Akasema, "Ilikuwa vita, mwanangu. Na sisi walituua." Nikamwambia kwamba najua, na kwamba mama yake ana kaburi lisilo na jiwe, na kwamba Srebrenica kuna mama waliozika mfupa mmoja wa paja. Hakusema neno. Siku mbili hatukuzungumza vizuri. Siku ya tatu akanigongea mlango ana sahani ya chapati zao nyembamba za jamu, akaweka mezani, akasema, "Mfupa mmoja?" Nikamwambia ndiyo. Akaketi.

Jambo la Batajnica sikumwambia bibi, niliambiwa mimi. Treni ya kasi kutoka Novi Sad ilikuwa ikifika Belgrade kwa dakika thelathini na kitu, na karibu na mwisho ikipita Batajnica, kitongoji cha Belgrade. Rafiki yangu wa chuo, Mserbia, binti aliyezaliwa baada ya vita, alinionyesha kwa kidevu akasema pale penye uwanja wa polisi ilifukuliwa miili zaidi ya 700 ya Waalbania wa Kosovo. Waliuawa huko mwaka 1999, wakapakiwa malori usiku, wakaletwa kufichwa hapa, kilomita mamia kutoka kwao. Yeye alijua kwa kusoma mwenyewe. Shuleni, akasema, vita vya Kosovo vya mwaka 1389, vya kupigana na Waturuki, walivisoma wiki nzima, na vya 1999 nusu ukurasa. Abiria wengine walikuwa wakitazama simu zao. Treni ile haikusimama pale, ilipita kasi.

Tarehe mosi Novemba 2024, saa tano na dakika 52 asubuhi, paa la zege la mbele ya stesheni ya Novi Sad liliporomoka juu ya watu waliokuwa wamekaa chini yake. Stesheni ilikuwa imetoka kukarabatiwa. Walikufa 14 siku ile, wakiwemo watoto, na wawili wakafuata baadaye kwa majeraha. Mimi nilikuwa nikipitia pale. Watu walianza kusimama kimya barabarani saa ile ile, dakika moja kwa kila maiti, na wanafunzi wakafunga vitivo, changu kikiwamo, ndiyo sababu shahada yangu ilichelewa. Sijuti. Katika miezi ile niliwaona Waserbia wakiomboleza msiba ambao serikali haikuwatungia maneno yake. Majina 16, kila mtu anayajua. Hakukuwa na adui wa nje. Swali lilikuwa moja tu, nani alisaini.

Mwisho wa Januari wanafunzi walitembea kwa miguu kutoka Belgrade, kilomita kama themanini, siku mbili kwenye baridi. Tarehe mosi Februari yakafungwa madaraja yote matatu ya Novi Sad. Bibi, miaka 78, aliniamrisha nimbebee trei mbili za mikate ya tufaha tukashuka hadi Daraja la Uhuru. Watu walikuwa wamewasha moto kwenye mapipa. Alisimama katikati ya daraja, akagusa kingo, akaniuliza kama najua kwamba hili si lile, lile lilianguka majini. Tulikaa mpaka karibu alfajiri. Waliokula mikate yake walimbusu mkono.

Si kila nilichokiona kilinifurahisha. Palikuwa na bendera zenye ramani ya Kosovo na maneno "hatusalimu amri", na kadiri miezi ilivyokwenda ziliongezeka. Rafiki yangu wa treni alisema wazitoe. Wengine wakasema wakizitoa watapoteza nusu ya watu. Aprili nilikwenda nao Novi Pazar, kusini, mji wa Waislamu wa Kibosnia, katika eneo ambalo miaka ya tisini watu wa jamii ile walitekwa wasirudi. Wanafunzi wa mji ule walikuwa wametuita. Tulipokelewa kwa baklava na vitumbua vya nyama, adhana ikasomwa huku wanafunzi wa Kiorthodoksi wamenyamaza barabarani kwa adabu, na mzee mmoja akanishika bega, mimi mweusi wa Mombasa, akilia, akisema tangu azaliwe hajapata kuona watoto wa Belgrade wakija kwao kwa heri. Tarehe 28 Juni, siku ya Vidovdan, siku ile ile waliyopigana 1389, maandamano makubwa yakawa Belgrade, na baadhi ya waliosimama jukwaani walizungumza kwa lugha ya zamani kabisa, Kosovo na damu na mababu. Rafiki yangu alirudi nyumbani kabla hawajamaliza. Mimi nilibaki, nikawatazama nyuso waliokuwa wakishangilia. Walikuwa wale wale wa darajani.

Julai nikapata shahada yangu, nikafunga sanduku. Usiku wa mwisho bibi alikaa jikoni na bili ya umeme iliyokwisha kulipwa, akaigeuza, akaanza kuchora nyuma. Lango. Njia. Mti wa jozi, kama haujakatwa. Safu ya nne kutoka ukutani, upande wa mkono wa kushoto. Akaandika jina la mamake kwa herufi za Kisirili, akafikiri, kisha akaliandika tena chini yake kwa herufi za Kilatini, ili mtu yeyote wa kule aweze kulisoma.

"Nchi yako sasa wanaelewana nao," akasema. "Wewe hawatakufukuza."

Akanipa na mshumaa mwembamba wa nta, wa kanisani. Bado sijaenda. Karatasi nimeiweka ndani ya msahafu ili isikunjike.